Naandaa chumba cha mtoto Segerea, mtoto wa Februari: nianze na nini?

Mama Kijacho wa Segerea

Habarini wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa akina mama mliokwisha kupita njia hii na mafundi mliomo humu.

Nina ujauzito wa miezi sita, wa kwanza, na nimeandikiwa kujifungua katikati ya Februari. Tunakaa Segerea, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Chumba chetu ni masta. Kile cha pili tulikuwa tunawekea masanduku, meza ya pasi na baiskeli ya mume wangu, sasa tumekubaliana kiwe cha mtoto. Kina futi kumi kwa kumi, dirisha moja la aluminiamu lenye wavu linaloangalia jua linakozama, dari la jipsamu, chini vigae. Ukuta unaopakana na bafu umeanza kutoa chumvi kwa chini, ukiugusa rangi inabaki mkononi.

Tangu nijue nina mimba nahifadhi picha kwenye simu. Kuta za waridi mpauko, karatasi ya ukutani yenye mawingu, kitanda cheupe kilichozungushiwa bampa laini zenye masikio ya sungura, pazia la lesi linaloning'inia kutoka juu, zulia la manyoya, midoli mikubwa kwenye kona. Nimekulia Kilosa, watoto watano kitanda kimoja, tunalala mzungu wa nne. Sikuwahi kuwa na ukuta niliouita wangu. Nataka huyu akute mahali pameandaliwa kwa ajili yake, pazuri, ajue alikuwa anasubiriwa. Ni wa kike, tumeambiwa kwenye ultrasaundi.

Bajeti yetu ni laki nane kwa rangi, kitanda, godoro, pazia na kabati. Mwenye nyumba amekubali tupake rangi ila hataki kuta zitobolewe ovyo. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga kukaa nami mpaka arobaini, naye atalala humo humo maana hakuna chumba kingine.

Nianze na nini? Karatasi ya ukutani inadumu kwa hali ya hewa ya Dar? Kitanda nichongeshe Keko au nitafute mtumba wa nje? Na mtoto aanze kulala huko tangu siku tunayotoka hospitali?

Dada wa Mchikichini

Hongera sana dada! Mimi ningekuambia anza na rangi, maana ukishajaza vitu ndani fundi rangi atakusumbua. Halafu nenda Kariakoo ukanunue seti nzima ya kitanda: bampa, kimto, duveti na kichandarua, vyote rangi moja, inapendeza kwenye picha. Karatasi ya ukutani mimi nimebandika sebuleni, mwaka wa pili huu haijabanduka, ila kwangu ni ghorofani na hakuna unyevu. Na midoli weka, chumba cha mtoto bila midoli kinakuwa kama bweni.

Bi Mkandaji wa Temeke

Mwanangu, hongera, Mungu akufikishe salama na akutue mzigo wako salama.

Mimi kazi yangu ni kukanda wazazi na kuogesha vichanga. Naitwa majumbani kwa watu, Mbagala, Tandika, Upanga, mpaka Mbezi Beach, na nakwenda asubuhi na jioni hadi arobaini itoke. Vyumba vya watoto nimevijua kwa kuvifanyia kazi, maji ya moto mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Habari yako nimeisoma yote, na neno lililonisimamisha ni lile uliloliweka mwisho, kwamba mama mkwe atalala humo.

Anzia hapo. Kichanga hana shida na chumba. Anataka titi, hewa, mahali pakavu pa kulala na mtu wa karibu wa kumsikia. Chumba kinamtumikia anayemlea: wewe ukiwa na mshono, mama mkwe ambaye huenda magoti hayamruhusu kuinama, mumeo anayepapasa kutafuta nepi saa nane usiku umeme umekatika. Chumba kikimchosha mlezi, gharama anailipa mtoto. Kwa hiyo pesa ya kwanza itoke kwa ajili ya watu wazima watakaokuwa wanaingia na kutoka humo, na ya mwisho ndiyo iende kwenye mawingu.

Sasa nikuambie ninavyokiona hicho chumba chako.

Februari ya Dar unaijua. Mchana joto linapita nyuzi 30, usiku linashuka hadi 25 hivi na kuganda hapo, na unyevu ule unafanya shuka ligande mwilini. Ukuta wako wa magharibi unapigwa jua kuanzia saa nane mpaka linazama, kisha unaendelea kutoa joto ndani wakati nyinyi mmeshakula chakula cha usiku. Kitanda cha mama mkwe kiweke ukuta wa ndani, mbali na huo wa dirisha. Kama hakuna pangaboi, hiyo iwe kazi ya kwanza ya fundi umeme kabla ya fundi rangi. Kama dari halina ndoano ya kulibebea, feni ya kusimama inatosha, igeuze ipulize ukutani ili upepo urudi taratibu, usimwelekezee mtoto usoni.

Utaambiwa feni inaleta nimonia. Utaambiwa sana, na watu wanaokupenda. Nimonia inaletwa na vimelea, na moshi unaichochea. Ninachokikuta mimi kila kiangazi ni mtoto kavalishwa kofia, soksi na blanketi la sufi mchana wa Februari kwa sababu wageni wanakuja, mwili mzima umetoka vipele vya joto, analia na watu wanatafuta dawa ya tumbo. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Akiwa na jasho mpunguzie nguo. Siku zile za kwanza hospitali watakwambia mfunike, wafuate, na akiwa njiti pia fuata maelekezo yao hadi watakapokuruhusu. Nasema habari ya mtoto aliyekamilika, aliyeko nyumbani, joto la Dar.

Ukuta wa chumvi usiufunike na kitu chochote. Yale ni maji, ama yanapanda kutoka msingini ama bomba la bafu linavuja kwa nyuma. Mwite fundi bomba kwanza, mwenye nyumba achangie maana ni nyumba yake. Ukishajua maji yanatoka wapi, lipu iliyooza ikwanguliwe, ipigwe upya, iachwe ikauke vizuri, ndipo upake rangi. Ukibandika karatasi juu yake, masika yakianza Machi itavimba, na nyuma yake fangasi atakaa. Mtoto wako atakuwa na mwezi mmoja au miwili, kifua bado kichanga, anavuta hewa hiyo kila akiwa humo. Na wakati wa kukwangua wewe nenda kwa shoga yako, usisimamie vumbi.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona mtu akilipiga picha: maji na nguo chafu. Kuogesha kunafanyika mara ngapi kwa siku? Na mzazi naye anakandwa. Tengeneza meza imara, urefu wa kiunoni mwako, iwe na ukingo mdogo kuzunguka, na juu yake lienee beseni la mtoto na taulo pembeni yake. Hii meza mimi naihimiza kuliko kitanda. Wanawake wengi waliopasuliwa nawakuta wanainama chini kwenye vigae kuogesha, beseni liko sakafuni, wanashika mshono kwa mkono. Mama mkwe naye akichuchumaa asubuhi na jioni, wiki ya pili mgongo utakataa. Meza hiyo hiyo ndiyo utakayobadilishia nepi. Chini yake weka ndoo yenye kifuniko ya nepi chafu na kapu la ukili la nguo safi. Pembeni droo mbili tu zinatosha, ya juu iwe na vile unavyovishika kwa mkono mmoja gizani: nepi, kanga kuukuu laini, mafuta, fulana. Mkono mwingine uko juu ya mtoto muda wote, hata kama hajaanza kugeuka.

Nepi za kitambaa ukizitumia, jua kwamba masika hazitakauka. Weka kamba barazani chini ya paa. Usianike chumbani, unaongeza unyevu kwenye chumba ambacho tayari kina ukuta mbovu. Na zote zipigwe pasi mpaka kwenye mishono, kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake anaingia kwenye ngozi. Kwa hiyo ile meza ya pasi usiitoe chumbani, ina kazi.

Kiti. Tafuta kiti chenye mikono na mgongo ulionyooka, hata cha plastiki kikiwekewa mito miwili kinafaa, na kigoda cha kuwekea miguu. Kikae mahali ambapo ukinyonyesha upepo wa dirisha unakufikia lakini jirani hakuoni. Karibu nacho kimeza cha kikombe cha uji na chupa ya maji, maana kunyonyesha kunaleta kiu sana. Taa iwe ndogo, ya njano, na nyingine ya kuchaji kwa ajili ya Luku ikiisha usiku. Mshumaa au kibatari karibu na chandarua usiruhusu kabisa.

Urembo sijakukataza. Kwa mila zetu utakaa ndani arobaini, na siku hizo ni ndefu. Macho yatakayozitazama hizo kuta ni yako. Kichanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wako akiwa kwenye titi, na anapenda vitu vilivyopishana kwa nguvu, cheusi na cheupe, kuliko waridi iliyopauka. Basi pamba ule ukuta unaokabiliana na kiti chako. Nenda Mtaa wa Uhuru uchague kanga moja yenye jina la dua, jina linalokuhusu wewe na mwanao, uipinde vizuri kwenye fito mbili za mbao, juu na chini, uining'inize kwa ndoano moja. Ina pindo, ina mji, ina rangi zisizoogopa ukuta mweupe, na mwenye nyumba umemtoboa tundu moja. Akikua utaikata umtengenezee gauni. Na ukijaliwa ziada, pita Oysterbay pale Morogoro Stores kwenye chama cha wachoraji wa Tingatinga, ununue picha moja ndogo ya ndege au chui. Marehemu Edward Saidi Tingatinga aliianza michoro ile hapa hapa Dar mwaka 1968, na mistari yake minene ndiyo hasa jicho la mtoto mdogo linaishika. Ila imechorwa kwa rangi ya mafuta, kwa hiyo iwe juu, mkono wake usiifikie atakapoanza kusimama na kulamba kila kitu.

Zulia la manyoya liache. Linakaa vumbi na maji ya beseni. Mkeka wa ukindu unapangusika, unaanikwa, na miezi ijayo ndiyo mahali pake pa kulala kifudifudi akiwa macho, ukimtazama.

Swali lako la kulala nawaachia manesi, nao nawaunga mkono kwa mikono miwili.

Nesi wa Kliniki ya Mama na Mtoto

Naunga mkono Bi Mkandaji, na nijibu la kulala.

Asianze kulala huko. Alale chumbani kwenu, kitanda chake pembeni ya chenu, angalau miezi sita ya kwanza. Ndivyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilivyorudia kusisitiza kwenye mwongozo wake wa 2022: chumba kimoja na wazazi, kitanda chake mwenyewe, alazwe chali kila anapolala, hata usingizi mfupi wa mchana, juu ya godoro gumu lililo tambarare, na kitandani pasiwe na kitu kingine. Hii ni kwa ajili ya vifo vya ghafla vya usingizini na kukosa hewa.

Kwa hiyo dada wa Mchikichini anisamehe, ile seti ya bampa, kimto na duveti inapendeza kuitazama lakini mtoto hapaswi kulala nayo. Hana nguvu ya kugeuza shingo akizibwa pua. Mwaka huo huo wa 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia kuuzwa kwa bampa hizo. Midoli ikae rafuni. Shuka moja lililokazwa kwenye godoro linatosha kwa joto letu.

Pazia la lesi la kuning'inia pia uliache. Liko wazi kwa mbele, mbu anapita, na mtoto akikua analivuta. Tumia chandarua chenye dawa, kama kile ulichopewa kliniki hudhurio la kwanza. Kitundike kivulini siku moja kabla ya kukitumia, kisha kichomekwe chini ya godoro pande zote. Akilala mchana pia kishushwe. Watu wa Dar wameshapata milipuko ya homa ya dengi, mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji safi yaliyosimama: ndoo zisizofunikwa, vyombo vya maua, sahani ya chini ya chungu. Kwa hiyo maji ya akiba bafuni yafunikwe. Dawa za mbu za kuchoma usiwashe chumba anacholala kichanga.

Fundi Vitanda wa Keko

Dada, salaam. Niko Keko, vitanda vya watoto ndiyo kazi yangu. Nitakwambia hata yale yatakayokusaidia ukienda kwa fundi mwingine.

Mtumba wa nje siupingi, kuna vitanda vizuri vinaingia. Ila kagua ubavu. Vile ambavyo upande mmoja unateremka na kupanda, usinunue. Marekani walivizuia kutengenezwa na kuuzwa kuanzia Juni 2011, vyuma vya kuteremshia vinalegea, ubavu unaachia kwa chini na mtoto anakwama katikati ya ubavu na godoro. Vitanda vya zamani bado vinazunguka duniani. Kingine ni skrubu zilizopotea. Kitanda kimefungwa na waya badala ya bolti yake, kiache hapo hapo.

Ukichongesha, nunua godoro kwanza. Watu wengi wanakuja na picha ya kitanda, wakitoka hapa wanatafuta godoro la kuingia, wanapata dogo, pembeni panabaki nafasi wanajaza nguo. Chukua godoro jipya, gumu, sentimita 60 kwa 120 ndicho kipimo kinachopatikana kirahisi, ulete, nami napima kitanda kwenye godoro. Kati ya godoro na mbao vidole viwili visipite.

Fito za pembeni zisiachane zaidi ya sentimita 6. Kama huna rula, nenda na kopo la soda la kawaida, lile nene. Likipita kati ya fito, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupita na kichwa kikabaki. Nguzo za kona zisizidi ubavu kwa juu na zisiwe na vishada, nguo inanasa. Kichwani pasichongwe maua yenye matundu. Najua wateja wanayapenda, na mimi nayaweza, lakini kwa kitanda cha kichanga siyachongi.

Mbao: mninga au mkongo vinakaa miaka ila bei yake utaisikia. Paini ya Mafinga iliyokauka vizuri inatosha kabisa, nyepesi, na ikipigwa msasa haina vibanzi. Kitu cha kuangalia ni mbao za dawa. Hizi ni za kenchi za paa, zina ukijani, na dawa ya aina ile mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Kuna wanaotumia mabaki yake kupunguza gharama, juu wanapaka rangi nyeupe na huwezi kujua. Mtoto akiota meno ubavu wa kitanda ndio anaoutafuna. Omba uone mbao kabla hazijapakwa rangi, fundi asiyetaka uone, ondoka.

Rangi pia. Uliza ya maji, isiyo na madini ya risasi, na uone kopo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Kitanda kikishapakwa kikae wazi hadi harufu iishe kabisa, kwa hiyo usije kuagiza Januari mwishoni. Agiza Novemba.

Weka sehemu mbili za kupandishia chaga. Juu kwa miezi ya mwanzo ili usiiname na mshono, akianza kukaa unashusha.

Baba Pacha wa Kinyerezi

Niongezee kwenye dirisha la magharibi, maana nyumba yangu iko hivyo hivyo. Pazia zito la ndani halisaidii sana kwa sababu joto limeshapita kioo, liko ndani tayari. Kilichotusaidia ni kuzuia jua kwa nje. Nilifunga chiki za mianzi kwenye nondo za dirisha, nje, mtu unazikunja saa kumi na mbili jioni ili upepo uingie. Hakuna kutoboa ukuta, unafunga kwa waya. Na rangi ya ukuta wa nje upande huo ikiwa nyeupe inapunguza, kama mwenye nyumba anakubali.

Rangi ya ndani paka ya maji inayofutika, mapema, madirisha wazi, na mkeo (samahani, wewe mwenyewe) usilale humo mpaka harufu iishe. Rangi ya zamani ikiwa ya mafuta na nyumba ni ya miaka mingi, fundi aloweshe kwanza kabla ya kukwangua, vumbi kavu linaweza kuwa na risasi. Kamba za mapazia zifungwe juu. Kabati lifungwe ukutani kwa skrubu moja nyuma, hilo tundu mwombe mwenye nyumba kwa unyenyekevu, mtoto anayepanda droo analivuta lote.

Mama Kijacho wa Segerea

Nimewasoma wote, nikampa na mume wangu akasoma. Asanteni mno. Bi Mkandaji, hiyo ya meza imeniingia, mimi nilikuwa sijaiweka hata kwenye orodha. Leo jioni mume wangu amechukua tepu akapima kiuno changu.

Mawingu nimeyaacha. Bampa nimeiacha pia. Chumba tutakipaka cheupe kinachofutika, na ukuta mmoja tu, ule wa kanga, nimeomba uwe waridi. Fundi bomba anakuja Jumamosi.

Lililobaki ni gumu kidogo. Mama mkwe ni mtu mzuri, ametulea sisi sote vizuri, ila najua atataka vitu viwili. Kamto ka kumtengenezea mtoto kichwa kiwe mviringo, na kufukiza udi chumbani jioni kwa chetezo cha makaa. Kwa Tanga hiyo ni heshima kwa mzazi. Nitamwambiaje bila kuonekana nimemdharau, na ndiyo kwanza nina mtoto mmoja?

Bi Mkandaji wa Temeke

Mwanangu, usimwambie wewe. Hudhurio lako la kliniki la mwisho mwisho, akiwa ameshafika, nenda naye. Mkalishe mbele ya nesi, umuulize nesi habari ya mto na moshi kana kwamba ndiyo unajifunza. Neno likitoka kwa nesi halina mkwe wala mamkwe. Nimeona wakwe wakali wakirudi nyumbani na kuwa wao ndio walinzi wa hilo agizo kuliko mama mwenyewe.

Kichwa kinajirekebisha. Mwambie tutambadilisha upande tunapomnyonyesha, na mchana akiwa macho tutamlaza kifudifudi juu ya mkeka mbele yake bibi, amtazame. Hapo umempa kazi badala ya kumnyang'anya.

Udi usimkatalie. Mwombe afukizie nguo zako na kanga zako nje barazani, mtoto akiwa chumba kingine, makaa yazimwe huko huko nje, kisha nguo ziingie ndani na harufu yake. Utanukia uzazi, naye atafurahi. Kitu ambacho hutakiachia hata kwa machozi ni jiko au chetezo chenye makaa kuingia chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa haina rangi wala harufu na inaua watu wazima, sembuse kichanga. Hilo mumeo ndiye alisimamie, ni mama yake, atamsikia.

Na jambo moja zaidi: kabla hajafika, muulize kwa simu kitanda chake akipende wapi, na shuka rangi gani. Akiingia chumbani akute pake pametandikwa kabla ya pa mtoto.

Mama Kijacho wa Segerea

Nimempigia. Amesema shuka za kijani, na kitanda kisiwe karibu na mlango maana anaamka alfajiri kuswali na hataki kutuamsha. Pia ameniuliza kama nina mkeka au aje nao, nikamwambia aje nao, amefurahi mpaka akacheka.

Fundi wa Keko, godoro nalinunua mwisho wa mwezi huu. Swali la mwisho: hapa tumepanga, huenda mwakani tukahama. Kitanda kitafunguka au nitakibeba kizima kwenye kirikuu?

Fundi Vitanda wa Keko

Kinafunguka. Mbavu nne nazifunga kwa bolti za milimita 8, spana namba 13 inakutosha. Mbao kwa mbao ndani ya ubavu ni ulimi na gundi, hizo hazifunguliwi, na misumari sitii mahali popote. Ukihama zifunge bolti kwenye mfuko mmoja na uugundishe chini ya chaga zisipotee, na ukikifunga upya zikaze zote, kisha ukitikise kabla mtoto hajalala. Njoo na godoro siku yoyote isipokuwa Jumapili.